GMAT kwa waombaji wa Mtwara na Lindi: malizana nayo kabla ya msimu wa korosho

Mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au ofisa mikopo wa benki anayetaka kusoma MBA (shahada ya uzamili ya biashara) nje ya nchi asipange kufanya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara, kati ya Oktoba na Desemba. Minada ya korosho ikishaanza, jioni ya kusoma haipatikani. Shule nyingi kubwa za biashara za Marekani hupokea maombi ya awamu ya kwanza hadi Septemba, na ya pili hadi Januari. Kwa hiyo fanya mtihani Juni, ili alama zisipofika ubaki na Julai ya kurudia. Kati ya mtihani na marudio lazima zipite siku 16. Ukianza kusoma Februari, saa mbili kwa siku zinamtosha mtu mwenye ajira.

Mtihani una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hisabati maswali 21, lugha 23, na uchambuzi wa takwimu 20. Alama ni 205 hadi 805, na sehemu zote zina uzito sawa. Insha na jometri ziliondolewa muundo ulipobadilika mwishoni mwa 2023, hivyo usinunue vitabu vilivyotangulia mabadiliko hayo. Mitihani miwili kamili ya majaribio hutolewa bure katika tovuti ya mba.com. Mmoja ufanye mwanzoni ujijue, wa pili uuhifadhi hadi wiki mbili za mwisho.

Wazoefu wa hesabu huteleza zaidi kwenye maswali ya utoshelevu wa taarifa, kwa sababu wamezoea kutafuta jibu hadi senti ya mwisho. Hapa huulizwi jibu. Unaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kulipata. Mfano: je, mkulima wa Tandahimba aliuza zaidi ya kilo 900 za korosho? Taarifa ya kwanza: alilipwa shilingi 2,700,000 bila makato. Ya pili: bei ya kilo haikuzidi shilingi 2,800. Ya kwanza peke yake haitoshi, maana bei hatuijui. Ya pili nayo haisemi alilipwa kiasi gani. Ziunganishe: kilo 900 kwa bei ya juu kabisa zingempa 2,520,000 tu, naye alipata zaidi, basi lazima aliuza zaidi ya kilo 900. Zinatosha zikiwa pamoja. Bei halisi hatujaijua wala hatuihitaji, na anayekaa kuisaka anapoteza dakika ambazo hazirudi.

Dakika hizo ni chache kweli: swali la hisabati lina wastani wa dakika mbili na sekunde nane. Kompyuta huchagua swali linalofuata kwa kuangalia ulivyojibu yaliyotangulia, na huwezi kuruka. Swali likifika dakika tatu, chagua jibu unaloliona karibu na ukweli, liwekee alama, songa mbele. Mwishoni mwa sehemu, muda ukibaki, unaruhusiwa kubadili majibu matatu. Kuacha maswali bila kujibu kunashusha alama kuliko kukosea. Kikokotoo kipo kwenye skrini katika sehemu ya takwimu tu, kwa hiyo zoea kuzidisha na kugawanya kwa kalamu.

Kuna jambo dogo linaloweza kukuzuia mlangoni: jina. Ulilojisajilia lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Fatma na Fatuma, Abdalah na Abdallah, ni watu wawili machoni pa msimamizi. Cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na vyeti vya shule vikitofautiana, anza kurekebisha miezi kadhaa kabla hujalipia, kwani ada ya mtihani ni ya dola na ukizuiwa kuingia unaipoteza.

Mtihani unaweza kufanyika nyumbani kwa intaneti, lakini umeme au mtandao ukikatika katikati unaweza kuupoteza. Kama chumba chako hakina umeme wa akiba, kituo ni salama zaidi. Ukichagua cha Dar es Salaam, hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Fika siku mbili kabla, lala vizuri, na siku moja kabla ya mtihani nenda ukakione kituo.