Bwawa la maji matamu bado linataka klorini

"Fundi, si ulisema huu ni mfumo wa maji matamu? Klorini ya nini tena?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno. Mara ya mwisho nilikuwa nimepiga magoti ukingoni, kichupa cha kupimia mkononi. Nikatia kitendanishi, nikatikisa, nikasubiri rangi ya waridi inayoonyesha kwamba klorini ipo. Haikuja. Maji ya bwawa lile yalikuwa maangavu, ungeweza kuhesabu vigae vya chini kimoja kimoja, na watoto wanne walikwishavaa nguo za kuogelea wakingoja niondoke. Niliwazuia. Mwenye bwawa alikasirika, akinionyesha mtambo wake mpya wa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za shaba na fedha, taa yake ikiwaka kijani.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii: kwamba mtambo wa ayoni, gesi ya ozoni au miale ya urujuanimno (UV), ambao watu huuita mfumo wa maji matamu, umechukua nafasi ya klorini. Haukuichukua, umeipunguzia mzigo tu. Miale hufanya kazi ndani ya bomba, pale maji yanapopita mbele ya taa, basi. Ozoni nayo huchanganywa humohumo bombani, na haikawii kupotea. Sasa mtoto mwenye tumbo la kuhara akiingia majini, mwenzake aliye hatua mbili kutoka kwake anaweza kumeza funda la maji hayo muda huohuo, kabla pampu haijayavuta kuyapeleka kwenye taa. Kinachoweza kumkinga ni dawa iliyomo ndani ya maji yenyewe. Pampu ikizimwa kuokoa umeme, mtambo mzima umelala. Shaba na fedha hubaki majini, hilo kweli, lakini huua bakteria polepole mno. Kazi ambayo shaba huifanya vizuri ni kuzuia mwani, ndiyo maana maji yanang'aa na mwenye bwawa anaridhika.

CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kinashauri klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, isipungue miligramu 1 kwa lita, na isipungue 2 kama bwawa lina asidi ya sayanuriki, dawa ya kuikinga klorini na jua. pH, kipimo cha uasidi wa maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Mfumo wa klorini kidogo maana yake ni kwamba kiwango hicho unakifikia kwa dawa chache, kwa sababu ozoni au miale imekwisha kuvunja sehemu ya uchafu. Ukiwa na taa ya miale umepata faida nyingine kubwa: huidhibiti kriptosporidiamu, kimelea kinachoweza kuishi zaidi ya wiki nzima kwenye maji yenye klorini ya kawaida. Kwa hiyo mitambo hii siipingi, mimi mwenyewe naifunga. Ninachopinga ni klorini sifuri.

Penye joto na unyevunyevu, sifuri ni hatari zaidi. Hewa iliyojaa unyevu haiyaachi maji yatoe mvuke wa kutosha, na ni mvuke huo unaoyapoza, hivyo bwawa linaweza kukaa na joto la nyuzi 30 hata usiku. Mwani hustawi na waogeleaji hutoka jasho humohumo majini. Jua la mchana nalo, kama hakuna asidi ya sayanuriki ya kuikinga klorini, huimaliza karibu yote ndani ya saa chache. Na wanaofarijiwa na jina "maji matamu" wajue kwamba Naegleria fowleri, ameba anayeingilia puani na kushambulia ubongo, makazi yake ni maji matamu yenye joto. Ni ugonjwa wa nadra sana, lakini karibu kila anayeupata hufa. Klorini ya kutosha humdhibiti.

Ushauri ninaomwachia kila mteja ni huu: pima klorini usiku giza likishaingia, pima tena alfajiri kabla jua halijatoka. Ikiwa imepungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita, usilisingizie jua. Kuna mwani au uchafu unaoila, hata kama maji unayaona safi.

Bwawa la chumvi halina klorini? Linayo. Mtambo hupitisha umeme kwenye maji ya chumvi na kuitengeneza palepale. Chumvi yenyewe ni gramu 3 hadi 4 kwa lita, wakati ya bahari ni kama 35. Mtambo huo huwa unapandisha pH, na ikifika 8 klorini uliyonayo imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake.

Harufu kali inayowasha macho si dalili ya klorini kuzidi. Ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Kuogea bafuni kabla ya kuingia hupunguza sana tatizo hilo, na hakuna anayenisikiliza.

Nywele kugeuka kijani ni shaba. Wenye mitambo ya ayoni wanaoilaumu klorini wapime shaba kwanza.

Na mvua haisafishi bwawa. Huzimua chumvi na asidi ya sayanuriki, huyumbisha pH, na maji yanayotiririka kutoka bustanini huleta udongo na mbolea, chakula cha mwani. Ikinyesha kubwa, pima vyote siku hiyohiyo, na watu wasiingie mpaka klorini isome kiwango kinachotakiwa.