Mzunguko wa dau katika poka huisha lini?

Aliyekulia kwenye wahedi wa sitini akikaa meza ya poka kwa mara ya kwanza, huuliza turufu ni ipi. Hakuna turufu, wala hakuna kulana karata. Karata zako unazificha mkononi, na kinachozunguka mezani ni dau. Ndiyo maana mtu anaweza kujua vizuri kwamba jozi mbili hushindwa na tatu za namna moja, na bado zamu yake ikifika asijue afanye nini.

Nitaeleza kwa Texas Hold'em, aina inayojulikana zaidi. Mwaka 2007 Bunge la Texas liliutambua mji wa Robstown kuwa ndiko ilikozaliwa. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha tano za wote hufunuliwa katikati: tatu kwa pamoja, ziitwazo flopu, halafu ya nne, halafu ya tano, iitwayo riva. Mizunguko ya dau ni minne, mmoja kabla ya flopu na mmoja baada ya kila ufunuo.

Wengi hudhani mzunguko ni zamu kupita kwa kila mtu mara moja. Sivyo, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Mzunguko hufungwa yakitimia mambo mawili: kila aliyebaki amepata nafasi ya kuamua, na wote waliobaki wametoa kiasi kilekile. Kimoja kikipungua, zamu inaendelea, hata ikibidi kuzunguka meza mara tatu.

Tuchukue watu wanne. Asha ndiye mwenye alama ya mgawaji, inayohamia kushoto kila karata zinapogawiwa upya. Juma, kushoto kwake, analazimika kuweka 50 kabla hajaona karata. Neema anayemfuata anaweka 100. Haya ni madau ya lazima. Bila hayo kila mtu angesubiri karata nzuri bila gharama yoyote, na mchezo ungelala.

Anayeanza kuamua ni Rashidi, kushoto kwa Neema. Anaweza kutupa karata na kutoka, kulipa 100, au kupandisha. Analipa 100. Asha anapandisha hadi 300. Juma anatupa karata. 50 zake zinabaki katikati, hazirudi. Neema anaongeza 200 kufikia 300. Zamu imeshapita kwa wote, lakini Rashidi ana 100 tu mezani, kwa hiyo inamrudia. Akiongeza 200, watu watatu wako sawa, mzunguko umefungwa, na katikati kuna 950. Akipandisha tena, Asha na Neema wanadaiwa upya. Hawezi kupandisha kidogo tu, kwani Asha aliongeza 200 juu ya 100, basi naye lazima aongeze angalau 200 na kufika 500.

Sasa tuseme hakuna aliyepandisha: Rashidi na Asha wamelipa 100, Juma ameongeza 50. Fedha ziko sawa, ila Neema hajaamua lolote. 100 zake zilikuwa za lazima. Ana haki ya kupandisha au kuridhika. Nimeona watu wakifunua flopu kabla hajatamka neno, na hilo ni kumnyang'anya haki yake.

Baada ya flopu anayeanza ni wa kwanza aliyebaki kushoto kwa mgawaji. Katika mfano wetu wa kwanza Juma ametoka, basi ni Neema. Hapa hakuna anayedaiwa, hivyo anaweza kupisha, yaani kubaki bila kutoa kitu. Wote wakipisha, mzunguko umekwisha bila senti kuongezeka. Lakini Asha akiweka 200, kupisha kumekwisha: Neema na Rashidi lazima walipe, wapandishe au watoke. Karata ya nne na riva hufuata utaratibu huohuo.

Ukubwa wa dau hutegemea meza. Kwenye meza za kiwango maalumu, dau huwa maradufu kuanzia karata ya nne. Katika shindano kuu la World Series of Poker, lililoanzia Las Vegas mwaka 1970, hakuna kikomo. Unaweza kusukuma kila ulichonacho mbele yako.

Na ukiishiwa kabla ya wenzako? Hufukuzwi. Tuseme Neema amebakiwa na 200 tu, Rashidi ameweka 500 na Asha amelipa 500. Katika fungu kuu zinaingia 200 za kila mmoja, pamoja na zile 950, jumla 1,550. Zile 300 zinazobaki za Rashidi na za Asha zinakuwa fungu la pembeni, 600, ambalo Neema haligusi hata akiwa na karata bora kuliko wote. Rashidi na Asha wanaweza kuendelea kuwekeana dau huko pembeni, na Neema anasubiri tu karata zilizobaki zifunuliwe.