Indiketa Fiche Katika Hotirodi: Maana na Utendaji Wake

Indiketa fiche ni taa ya kuashiria kugeuka iliyofungwa katika gari la zamani kwa namna ambayo, ikiwa imezimwa, mtazamaji haioni au hatambui kuwa ni nyongeza, lakini ikiwashwa huonekana waziwazi kwa aliye mbele, nyuma na ubavuni. Fasili hiyo ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo husahaulika. Ufiche unaokusudiwa ni wa taa iliyozimwa peke yake. Taa inayoendelea kujificha hata inapowaka haistahili jina hilo, kwa sababu imeshindwa kazi moja tu iliyowekewa, yaani kumwambia mwenzako barabarani unakoelekea.

Hotirodi, kwa asili yake, ni gari la Kimarekani la miaka ya 1920 au 1930, mara nyingi Ford, lililopunguzwa uzito na kuongezewa nguvu za injini. Desturi hiyo ilikomaa kusini mwa California kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vijana walivua madigadi, bampa na kila kilichoonekana kuwa mzigo, kisha wakaenda kushindana katika sakafu tambarare za maziwa yaliyokauka, kama vile Muroc na El Mirage, na mwaka 1937 vilabu vyao vikaunda chama cha SCTA cha kusimamia mbio hizo. Gari lililopata heshima kubwa kuliko mengine ni Ford ya mwaka 1932, iliyoleta injini ya V8 yenye nguvu za farasi 65 kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuifikia. Umbo la gari hilo likishavuliwa ni la mistari michache: kichwa cha rejeta kilichosimama wima, boneti ndefu, taa mbili kubwa, bodi fupi na matairi yaliyo nje. Kwa hiyo kila kitu kinachoongezwa juu yake huonekana haraka, na taa ya plastiki ya rangi ya chungwa iliyobandikwa mbele huharibu sura nzima. Hapo ndipo haja ya kuificha ilipozaliwa.

Magari hayo hayakupoteza indiketa zake kwa kuvuliwa. Hayakuwahi kuwa nazo. Indiketa za umeme zinazomweka zilianza kuuzwa kama sehemu ya kawaida ya gari katika Buick za mwaka 1939, na zikachukua miaka mingi kuenea. Ford nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilitoka kiwandani zikiwa na taa moja tu ya nyuma, upande wa kushoto, na mnunuzi aliyetaka ya kulia aliiongezea mwenyewe. Dereva aliashiria kwa mkono. Kwa kuwa nchini Marekani dereva huketi kushoto, alinyoosha mkono wa kushoto nje ya dirisha kuonyesha kwamba anageuka kushoto, akaukunja kiwiko na kuuelekeza juu kwa ajili ya kulia, na akauelekeza chini alipotaka kupunguza mwendo au kusimama.

Sheria bado inaitambua mikono hiyo. Huko California, kwa mfano, gari dogo la abiria lililotengenezwa na kusajiliwa mara ya kwanza kabla ya tarehe 1 Januari 1958 halilazimishwi kuwa na indiketa za taa. Lakini ruhusa ya sheria haimaanishi kwamba ishara inaeleweka. Usiku mkono hauonekani. Katika hotirodi iliyokatwa nguzo za paa ili paa lishuke, dirisha hubaki ufa mwembamba ambao mkono hupita kwa shida. Jambo zito zaidi ni kwamba madereva wengi wa leo hawajui kuisoma ishara hiyo: mkono uliokunjwa juu huonekana kama salamu. Nami nasema bila kusita kwamba mwenye gari la namna hii anayetembea katika barabara za leo akitegemea mkono peke yake anajiweka hatarini, hasa kwa kuwa gari lake ni dogo, liko chini, na halina bampa wala madigadi ya kupokea pigo.

Kabla ya kueleza namna ya kuficha taa, inafaa kukumbuka kwamba wazo lenyewe si geni. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1930 hadi 1950 yalikuwa na mkono mdogo wenye taa uliolala ndani ya nguzo ya mlango na kuchomoza pale dereva alipobonyeza swichi. Volkswagen iliutumia katika magari ya soko la Marekani hadi mwaka 1955, na katika yale ya Ulaya hadi mwaka 1960. Mkono ule ulikuwa kimya kabisa ulipolala na dhahiri kabisa uliposimama, nao ni kielelezo kizuri cha kile ambacho indiketa fiche hutafuta.

Nyuma ya gari, njia iliyo bora ni kutoongeza taa yoyote. Kanuni za Marekani huruhusu indiketa ya nyuma kuwa nyekundu na kutumia balbu ileile ya breki, na kwa sababu hiyo taa mbili za kawaida zinaweza kubeba kazi tatu: kuwaka hafifu usiku, kuwaka kwa nguvu wakati wa breki, na kumweka upande mmoja wakati wa kugeuka. Balbu inayowezesha hayo ina nyuzi mbili ndani yake. Katika balbu ya volti 12 ya namba 1157, uzi mkubwa hutoa mwanga unaozidi ule wa uzi mdogo kwa takriban mara kumi, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha dereva wa nyuma kutambua breki au kugeuka hata usiku. Ndiyo maana mafundi wa hotirodi hupenda taa za nyuma za Ford ya mwaka 1939, zenye umbo la tone, au zile ndogo za duara za Pontiac ya mwaka 1950. Zote zinalingana na umri wa gari, na hakuna anayeziangalia akadhani ni indiketa.

Mbele ni kugumu zaidi, kwa sababu hakuna taa ya breki ya kuazima. Baadhi ya Ford za mwaka 1932 zilikuja na taa ndogo mbili kwenye mabega ya bodi, karibu na kioo cha mbele, na taa hizo zikipewa balbu ya nyuzi mbili huweza kufanya kazi mpya bila kubadilika sura. Wengine hutumia taa kubwa za mtindo wa Guide 682-C, ambazo zina kitaa kidogo juu yake kilichokuwapo tangu zamani kwa kazi ya taa ya kuegesha. Wengine huingiza vipande vya LED, yaani vitaa vidogo vya kielektroniki visivyo na uzi, ndani ya kikombe cha taa kubwa, nyuma ya kioo chake, au huficha taa ndogo za pikipiki chini ya nguzo inayoshika taa kubwa. Mahali pasiponishawishi ni nyuma ya vyuma vya kichwa cha rejeta. Mbele yake moja kwa moja taa huonekana vizuri sana na humfurahisha fundi, lakini ukisogea pembeni vile vyuma huungana kama pazia na mwanga hupotea, ilhali dereva anayengoja kwenye makutano yuko pembeni hasa.

Rangi nayo husaidia kuficha. Tangu magari ya mwaka 1963, indiketa za mbele nchini Marekani zimekuwa za rangi ya chungwa, lakini rangi hiyo si lazima itoke kwenye lenzi. Lenzi ikiwa nyeupe na chanzo cha mwanga kikiwa cha rangi ya chungwa, taa iliyozimwa haina rangi inayoivutia jicho, na ikiwaka hutoa rangi inayotakiwa.

Kuhusu umeme, sehemu inayowachanganya wengi ni swichi. Balbu ya nyuma ikiwa ya breki na ya kugeuka kwa pamoja, waya wa breki haupaswi kwenda moja kwa moja kwenye balbu. Ni lazima upitie kwanza ndani ya swichi ya indiketa. Swichi ikiwa katikati, umeme wa breki huenda pande zote mbili. Ikisukumwa kushoto, upande wa kushoto huondolewa kwenye breki na kuunganishwa na flasha, yaani kifaa kinachowasha na kuzima taa ili imweke, huku upande wa kulia ukiendelea kupokea breki. Fundi akiupeleka waya wa breki moja kwa moja nyuma, taa itamweka vizuri gari likiwa linatembea, lakini mara dereva anapokanyaga breki mwanga utatulia na ishara itapotea, yaani itapotea palepale kwenye kona inapohitajika zaidi. Swichi yenyewe huweza kufichwa chini ya dashibodi au kwenye nguzo ya usukani kama kitufe kidogo. Hasara ya kitufe cha namna hiyo ni kwamba hakijirudishi chenyewe usukani unaponyooka, hivyo kinahitaji kizima-muda, yaani kifaa kinachoizima indiketa baada ya muda fulani, au angalau taa ya kumkumbusha dereva.

Taa hiyo ya ukumbusho kwenye dashibodi ina mtego wake. Desturi ya zamani ilikuwa kuiunganisha kati ya waya wa kushoto na wa kulia, ili umeme wa upande unaomweka upite ndani yake na kurudi kupitia balbu zilizozimwa za upande wa pili. Kwa balbu za nyuzi hilo linawezekana. Kwa LED huleta vurugu, kwa kuwa umeme mdogo kiasi hicho hutosha kuziwasha LED za upande usiohusika, na gari likaashiria pande zote mbili. Dawa yake ni diodi mbili, moja kwa kila upande, zinazoruhusu umeme kuingia kwenye taa ya dashibodi bila kuvuka kwenda upande wa pili, na taa hiyo kupewa ethi yake, yaani njia yake ya kurudishia umeme kwenye chasi.

Flasha nayo iliundwa kwa ajili ya zama za balbu. Ile ya kizamani ina kipande cha metali mbili kinachopashwa joto na umeme uleule unaokwenda kwenye taa. Kikipata joto hupinda na kukata njia, kikipoa hunyooka na kuiunganisha tena, na mzunguko huo unapaswa kuwa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Balbu mbili za 1157, ya mbele na ya nyuma, huvuta zaidi ya ampea 4, kiasi kinachotosha kukipasha. LED huvuta sehemu ndogo tu ya hiyo, kipande hakipati joto, na taa huwaka bila kumweka au haziwaki kabisa. Wengine huongeza kipingamizi ili kuudanganya mfumo, lakini kipingamizi hugeuza umeme kuwa joto, na kukifunga karibu na mbao au bodi ya faibaglasi ni kukaribisha moto. Flasha ya kielektroniki yenye waya wake wa ethi ndiyo suluhisho sahihi.

Faibaglasi hunileta kwenye ethi. Hotirodi nyingi za leo zina bodi mpya za nyenzo hiyo, ambayo haipitishi umeme, hivyo kila taa inahitaji waya wake wa kurudi hadi kwenye chasi, na hata bodi ya chuma iliyopigwa rangi nzito huzuia njia hiyo. Ethi ikikosekana, umeme hutafuta njia ya kurudi kupitia uzi mwingine wa balbu ileile, na taa ya usiku huanza kumweka hafifu pale indiketa inapowashwa. Aidha, Ford hadi za mwaka 1955 zilitumia volti 6, tena waya chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Balbu ya nyuzi haijali upande umeme unapoingilia, lakini LED na flasha nyingi za kielektroniki hujali. Mwenye gari lililobaki na mfumo wa asili anunue vifaa vilivyotengenezwa kwa volti 6 na chanya kwenye bodi, la sivyo abadilishe mfumo mzima kuwa wa volti 12 kabla ya kuanza kazi.

Kazi ikikamilika, gari lisijaribiwe ndani ya karakana yenye giza, ambako kila taa huonekana kali. Litolewe nje saa sita mchana, jua likipiga lenzi, msaidizi akanyage breki na kuwasha indiketa, na mwenye gari azunguke kuanzia mbele yake moja kwa moja hadi pembe ya digrii 45 upande wa nje, kisha afanye hivyo nyuma. Usiku azunguke tena taa kubwa zikiwa zimewashwa, maana indiketa iliyofichwa kando ya taa kubwa humezwa na mwanga wake. Ikimezwa, isogezwe mbali na taa hiyo, hata ikibidi ionekane kidogo mchana.