Kuyumba si kuzama: kuchagua hisa na mifuko soko linapochafuka

Mabaharia hawachanganyi kuyumba na kuzama. Chombo kikiyumba abiria hutapika, mizigo huhama upande, na asiyeizoea bahari huanza kuomba toba. Upepo ukilegea, chombo ni kilekile na shehena ni ileile. Kikizama hakuna cha kusubiri. Wawekezaji wengi, hasa wale wanaofungua akaunti kwenye simu na kukuta namba zote zimegeuka nyekundu, huyachukua mambo haya mawili kama jambo moja.

Kuyumba kwa soko ni bei kupanda na kushuka kwa kasi na kwa kiasi kikubwa ndani ya muda mfupi. Kupimwa kwake ni hesabu tu: unachukua mabadiliko ya bei ya siku baada ya siku, kisha unaangalia yametawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Hisa inayosogea asilimia 0.5 kwa siku ni tulivu. Inayoruka asilimia 5 leo na kuporomoka 6 kesho inayumba. Harry Markowitz, mchumi wa Marekani, ndiye aliyeuingiza mtawanyiko huo katika nadharia ya uwekezaji mwaka 1952 kama kipimo cha hatari, kazi iliyochangia kumpatia tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1990. Chicago nako, tangu 1993, hutangazwa kipimo kiitwacho VIX, kinachoonyesha soko la hisa la Marekani linatarajiwa kuyumba kiasi gani katika siku 30 zijazo. Kwa muda mrefu hukaa karibu na 20. Tarehe 16 Machi 2020 kilifunga siku kikiwa 82.69. Hakisemi bei zitaelekea wapi, kinasema tu kwamba watu wana wasiwasi kiasi gani.

Hapo ndipo penye kasoro. Kipimo cha kuyumba hakioni kuzama. Bernard Madoff, tapeli wa uwekezaji wa Marekani aliyekamatwa Desemba 2008, aliwapelekea wateja wake kwa miaka mingi taarifa za faida iliyopanda taratibu, bila kushtuka, soko liwe juu au chini. Ukiupima kwa mtawanyiko, ule ulikuwa uwekezaji mtulivu kuliko karibu wote. Pesa zenyewe hazikuwepo.

Basi anayechagua hisa au mfuko (pesa za watu wengi zinazowekezwa kwa pamoja) wakati wa msukosuko ana kazi ya kutenganisha kinachoyumba na kinachozama, na kuhakikisha yeye mwenyewe hatalazimika kushuka chomboni katikati ya mawimbi.

Hilo la pili naliweka mbele, kwa kuwa ndilo linalowaangusha wengi. Fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, ilianguka takriban asilimia 34 kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020. Kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa imerudi ilikotoka. Aliyeingia sokoni siku hizo alijifunza kwamba ukivumilia miezi sita mambo hutengemaa. Somo hilo ni la nusu. Anguko lililoanza Oktoba 2007 lilikata asilimia 57 ya fahirisi hiyohiyo, na bei hazikurudi kileleni hadi Machi 2013. Fahirisi ya Dow Jones ilishuka kutoka 381 mwaka 1929 hadi 41 mwaka 1932, ikarudi kileleni mwaka 1954. Nikkei ya Japani ilifika kilele mwishoni mwa 1989, na ilichukua hadi Februari 2024 kukivuka. Ukijumlisha magawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, kungoja kunafupika, lakini picha haibadiliki sana: soko zima linaweza kurudi, ila halikuulizi ada ya shule inalipwa lini.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu kampuni wala mfuko. Pesa hii utaihitaji lini? Ya miezi kumi na minane ijayo haina kazi kwenye hisa, hata hisa ziwe nzuri namna gani. Ya miaka mitano bado ni ya kufikiriwa mara mbili. Ya miaka ishirini inaweza kuyumba itakavyo. Na pesa ya kukopa ndiyo mbaya kuliko zote, maana dalali aliyekukopesha ana haki ya kuziuza hisa zako bei ikishuka chini ya kiwango mlichokubaliana, siku ambayo hata wewe ungependa kununua. Kuyumba kunageuka kuzama kwa mkono wa anayelazimishwa kuuza.

Sasa tuje kwenye hisa zenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Ile homa ya kampuni za intaneti ilifika kilele Machi 2000, na kufikia Oktoba 2002 fahirisi ya Nasdaq, iliyojaa kampuni za teknolojia, ilikuwa imepoteza asilimia 78. Ndani ya anguko hilo chukua kampuni mbili. Pets.com iliuza chakula cha mbwa na paka kwa kukituma nyumbani kwa mteja, ikauza hisa zake kwa umma Februari 2000 kwa dola 11, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza kufunga. Amazon, wakati huo Amazon.com, ambayo kwa kinaya ilikuwa mwekezaji mkubwa ndani ya Pets.com, nayo ilianguka kwa zaidi ya asilimia 90 kutoka kilele chake. Aliyekuwa akitazama bei peke yake asingeona tofauti kubwa. Zote mbili zilikuwa zinadidimia, zote zilikuwa hazijapata faida, zote zilikuwa na jina linalomalizikia vilevile.

Tofauti ilikuwa kwenye fedha taslimu na kwenye kila mzigo uliouzwa. Februari 2000, wiki chache tu kabla soko halijapinduka, Amazon ilikopa euro milioni 690 kwa hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, ambazo zingelipwa miaka mingi baadaye. Ilikuwa na akiba ya kuvukia. Pets.com iliuza bidhaa zake chini ya gharama, kwa hiyo kila mteja mpya aliongeza hasara, na wenye mitaji walipofunga mikono hapakuwa na pa kushika. Chombo cha kuzama hakina usukani. Haya yote yaliandikwa kwenye taarifa za fedha, si kwenye mstari wa bei.

Ndiyo maana msukosuko ukianza, mimi hutazama deni kabla ya kutazama faida. Si ukubwa wa deni tu, bali linaiva lini na kampuni italilipa kwa pesa gani. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, iliumaliza mwaka 2007 ikiwa na mali za takriban dola bilioni 691 zilizosimama juu ya mtaji wa wenye hisa wa dola bilioni 22 na ushei. Fanya hesabu: thamani ya mali ikipungua asilimia 3 na kidogo, mtaji wote umekwisha. Kampuni ya namna hiyo haihitaji tufani, wimbi moja linatosha. Ilifilisika Septemba 15, 2008. Benki kwa asili yake hukaa na madeni mengi, hilo halikwepeki, lakini kampuni ya viwanda au ya biashara iliyojaza mikopo inayoiva mwakani, wakati riba zimepanda, inastahili kuogopwa hata kama bei yake imeshuka nusu.

Baada ya deni huja swali la mteja. Watu wakibana matumizi, bidhaa hii wanaiacha au wanaendelea kuinunua? Dawa, umeme na sabuni haviachwi kirahisi. Magari mapya na safari za mapumziko huahirishwa. Hilo halizifanyi kampuni za magari kuwa mbaya, linakuambia tu kwamba faida yake ya mwaka jana si kipimo cha mwaka huu.

Halafu kuna mitego miwili ambayo hunasa watu werevu. Wa kwanza ni gawio. Hisa ya 100 inayolipa gawio la 5 ina mavuno ya asilimia 5. Bei ikianguka hadi 50, skrini itaonyesha asilimia 10, na mtu anadhani ameokota dhahabu. Gawio hilo ni la mwaka uliopita. Soko limeshusha bei pengine kwa sababu linajua halitalipwa tena. Wa pili ni ile kauli ya "imeshuka asilimia 80, itashuka wapi tena?" Hisa iliyotoka 100 hadi 20 ikaenda hadi 10 imempotezea aliyenunua kwa 20 nusu ya pesa yake.

Na hata kampuni isiyozama inaweza kukuumiza ukiinunua ghali. Cisco iliuza vifaa vya mtandao, ilipata faida, na inaendelea hadi leo. Aliyenunua hisa zake kwenye kilele cha 2000 alingoja zaidi ya miaka 20 bila kuiona bei ile tena. Kampuni ilikuwa nzima, iliyokosewa ni bei.

Ukichoka kusoma haya, na wengi huchoka, kuna mifuko. Mfuko wa fahirisi hununua kampuni zote zilizomo kwenye fahirisi fulani bila kuchagua. Wa kwanza wa namna hiyo kwa wawekezaji wa kawaida ulianzishwa na John Bogle wa Vanguard mwaka 1976, na ulichekwa sana. Nguvu yake ni kwamba kampuni moja ikizama hutolewa na nyingine huingia, nawe unabaki na kuyumba tu. Udhaifu wake tumeshauona kwa Nikkei: fahirisi ya nchi moja inaweza kukaa chini kwa kizazi kizima, ndiyo maana napendelea inayotapakaa nchi nyingi.

Jina la mfuko lisikushughulishe, fungua orodha ya kilichomo. Mtu anaweza kuwa na mifuko mitatu yenye majina tofauti, "ukuaji", "teknolojia" na "soko zima", kumbe kampuni kumi za juu ni zilezile. Huo si mseto, ni hisa zilezile zilizolipiwa ada mara tatu. Na ada si jambo dogo. 100 iliyokua kwa asilimia 7 kwa mwaka hufika 761 baada ya miaka 30. Ondoa asilimia 1.5 ya ada kila mwaka, unabaki na 498.

Mifuko mingine ina hatari isiyoonekana hadi siku watu wengi wanapokimbilia kutoa pesa zao. Mfuko unaokuahidi kukurudishia pesa siku yoyote, wakati wenyewe umenunua majengo yanayochukua miezi kuuzika, umeahidi usichoweza. Julai 2016, baada ya kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, mifuko kadhaa ya majengo nchini humo ilifunga mlango, watu wakawa hawawezi kutoa pesa zao. Hata mifuko ya fedha za muda mfupi, inayochukuliwa kuwa kama akiba ya benki, imewahi kupungua: mmoja mkubwa wa Marekani uliokuwa umeikopesha Lehman ulishuka hadi senti 97 kwa kila dola mnamo Septemba 2008.

Hatifungani nazo husifiwa kama ngalawa ya kukimbilia hisa zinapochafuka. Mara nyingi ni kweli. Mwaka 2022 haikuwa kweli, kwa sababu chanzo cha msukosuko kilikuwa mfumuko wa bei na riba kupanda, na riba ikipanda bei ya hatifungani za zamani hushuka. S&P 500 ilipoteza karibu asilimia 19, na hatifungani za Marekani kwa ujumla wake karibu 13. Za muda mfupi ziliumia kidogo kuliko za miaka 20 au 30. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia huko, uliza kwanza soko limechafuka kwa sababu gani.

Iko pia mifuko inayoahidi kukuza mara mbili mwendo wa fahirisi wa kila siku. Fahirisi ya 100 ikishuka asilimia 10 inakuwa 90, kesho yake ikipanda asilimia 11.1 imerudi 100. Mfuko wa mara mbili umeshuka hadi 80, ukapanda asilimia 22.2, umeishia 97.8. Soko limerudi nyumbani, wewe hujarudi. Rudia mchezo huo siku mia moja za kuyumba uone kinachobaki. Hizi ni zana za wachuuzi wa siku moja, na kuzikuta kwenye akaunti ya kustaafu hunishangaza.

Kuhusu siku ya kununua sina ujanja, ila kugawa pesa kwa mafungu. Weka 100 kila mwezi kwa miezi mitatu, bei ikiwa 10, halafu 5, halafu 8. Utapata vipande 42.5 kwa 300, yaani kila kimoja kimekugharimu 7.06, wakati wastani wa bei zenyewe ulikuwa 7.67. Soko likiwa linapanda tu, aliyeweka zote siku ya kwanza atakupita. Faida kubwa ya mafungu naiona kwenye usingizi kuliko kwenye hesabu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba uchungu wa kupoteza humuuma mtu takriban mara mbili ya raha ya kupata kiasi hichohicho, na mtu mwenye uchungu huo huuza usiku ule ambao hakupaswa kuuza.

Dawa yangu ni karatasi. Siku ya kununua, soko likiwa tulivu, andika kwa sentensi moja kwa nini umenunua: deni lake ni dogo na wateja hawaiachi, au mfuko huu una kampuni za nchi arobaini kwa ada ndogo na pesa yenyewe naitaka baada ya miaka kumi na tano. Bei ikianguka, isome tena karatasi hiyo. Kama bado ni kweli, kinachotokea ni kuyumba. Kama deni limeongezeka au wateja wameondoka, uza, hata kama bei imepanda. Na kama ulichoandika kilikuwa "imepanda sana mwezi huu", basi bei iliposhuka sababu yako iliondoka nayo, na karatasi haina kingine cha kukuonyesha.