Je, wajua kwa nini mashahidi hawaitwi tena kwenye rufaa?

Wengi wanaoshindwa katika shauri la madai husema "tutakutana Mahakama Kuu", wakiamini kwamba huko kesi itaanza upya na shahidi aliyeachwa nyumbani atapata nafasi ya kusema. Kwa utaratibu wa Tanzania Bara sivyo ilivyo, na imani hiyo imewapotezea watu haki waliyokuwa nayo mkononi.

Tuchukue shauri la kudai magunia ya mahindi lililofunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Hakimu anawasikiliza mdai, mdaiwa na mashahidi wao huku akiandika wanayosema. Maandishi hayo, pamoja na vielelezo vilivyopokelewa, ndiyo mwenendo wa shauri. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, na kinachopanda ngazi ni jalada. Ni kama karatasi ya mtihani inayosahihishwa upya: msahihishaji wa pili anaweza kubadilisha alama, lakini hampi mtahiniwa kalamu aongeze jibu.

Kwa hiyo, mdai akisema kwamba jirani alishuhudia makabidhiano, na mdaiwa asimhoji juu ya hilo, mahakama ya juu huhesabu kuwa amelikubali. Kanuni hiyo Mahakama ya Rufani imeirudia mara nyingi. Vilevile, hakimu aliyemwona shahidi akisita au akijikanganya husikilizwa sana katika suala la nani aaminiwe, kwa kuwa asomaye jalada hana uso wa kuutazama. Hata hivyo, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, na inaweza kufikia uamuzi tofauti. Ushahidi wa nyongeza nao unaruhusiwa, ingawa mlango wake ni mwembamba: Mahakama ya Wilaya ikitaka kuusikiliza yenyewe, sharti iandike sababu.

Kadiri shauri linavyopanda, ndivyo ukweli wa tukio unavyozidi kuwa mgumu kuguswa. Mahakama Kuu, ikiketi kwa rufaa ya pili, ni nadra kutengua yale ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana kuwa yalitokea. Kufika Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo huhitaji cheti cha Mahakama Kuu kinachothibitisha kuwa kuna hoja ya kisheria. Hoja kwamba jirani hakuwepo siku ya makabidhiano haipati cheti hicho. Hoja kwamba jirani alizuiwa kutoa ushahidi kinyume cha sheria inaweza kukipata.