Salio lipo, kadi imekataliwa: yanayosemwa Kusini na yaliyo kweli

Msimu wa korosho ukishafunguka Oktoba, maduka ya vifaa vya ujenzi Masasi na Newala, Kusini mwa Tanzania, hushuhudia jambo hili kila mwaka: mkulima kaingiziwa malipo yake benki, anakuja kuchukua mabati na saruji, anachanja kadi, mashine inakataa. Salio lipo. Foleni nyuma yake imeanza kuguna, na kila mmoja ana maelezo yake. Mengi ya maelezo hayo si kweli. Kusini kadi nyingi ni za akaunti ya kawaida na za mkopo ni chache, lakini zote zikipita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard huchunguzwa kwa namna ileile.

“Kuna mtu benki anaangalia ninachonunua.”

Hakuna mtu anayeweza kuwahi. Ombi la malipo hutoka kwenye mashine ya duka hadi benki ya mwenye duka, likaingia mtandao wa kadi, likafika benki iliyokupa kadi, na jibu likarudi njia hiyohiyo, yote kwa sekunde chache. Katika sekunde hizo programu huupa muamala alama ya hatari. Mfumo wa Visa hutoa alama kuanzia 1 hadi 99. Falcon, mfumo wa kampuni ya FICO unaotumiwa na mabenki tangu 1992, hufika 999. Benki yako ndiyo inayoamua ikatae kwenye alama ngapi, na kwenye ngapi ikuulize kwanza kwa meseji. Wafanyakazi huingia baadaye, kupitia miamala iliyobaki na utata.

Kinachopimwa ni kiasi, saa, nchi ya mashine, namna kadi ilivyosomwa, imetumika mara ngapi kwa muda mfupi, na aina ya duka. Kila duka lina namba ya tarakimu nne: 5411 ni la vyakula, 5541 kituo cha mafuta, 5944 vito na saa, 7995 kamari. Vyote hivyo hulinganishwa na mazoea yako wewe mwenyewe. Sasa chukua kadi ambayo tangu Februari imetoa shilingi 20,000 tu kwenye ATM kila mwisho wa mwezi. Novemba, asubuhi moja, inalipa milioni 3 za mabati, na baada ya robo saa inaombwa milioni 2 nyingine duka la pikipiki. Kwako hiyo ni jasho la mwaka mzima. Kwa programu, hivyo ndivyo mwizi anavyokimbiza kadi kabla haijafungwa. Haijui kwamba korosho zimeuzwa.

Dawa yake ni kupiga namba ya huduma iliyoandikwa nyuma ya kadi kabla hujatoka nyumbani. Taja siku, mji na kiasi. Uliza pia kikomo cha manunuzi kwa siku, maana mara nyingi kilichozuia ni kikomo hicho, wala hakuna aliyekushuku.

“Hela ndogo haishukiwi.”

Hushukiwa sana. Aliyeiba namba za kadi hajui zipi bado ziko hai, hivyo huzijaribu mtandaoni kwa dola 1 au chini yake. Inayokubali ndiyo inayokombwa. Ukiona meseji ya makato madogo usiyoyajua, piga benki saa hiyohiyo.

“Ikikataliwa, ujue wamenishuku.”

Soma risiti. Mashine nyingi huchapa namba ya jibu: 51 salio halitoshi, 54 kadi imeisha muda, 55 namba ya siri si sahihi, 91 benki haipatikani. Mei 2024, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, 91 haikuwa na uhusiano wowote na tabia ya mteja. Namba ya shaka ya wizi ni 59, ila benki nyingi hujificha nyuma ya 05, yaani “usikubali” bila sababu. Ukipata 05, mwenye duka hawezi kukueleza lolote. Piga benki.

“Rudia tu, itapita.”

Kurudia harakaharaka kunapandisha alama, na ukikosea namba ya siri mara tatu, kwa kawaida kadi hufungwa. Mtandao ukikatika katikati, fedha zinaweza kuonekana zimetoka ilhali mashine imeandika imeshindikana. Angalia meseji na salio kwanza.

Kuna kosa jingine la kaunta ambalo halisemwi vya kutosha. Chipu imechafuka kwa vumbi na jasho, mashine haiisomi, muuzaji anageuza kadi na kuipitisha kwa utepe wa sumaku. Chipu hutengeneza saini mpya kwa kila malipo. Utepe hurudia data zilezile, ndiyo maana kadi za kughushi hupitia huko. Benki inauona muamala umekuja na namba 80 ya namna kadi ilivyosomwa, yaani chipu imeshindwa na utepe umetumika, na inashtuka. Futa chipu kwa kitambaa laini kikavu, ingiza tena taratibu.

“Wanafuata simu yangu wajue nilipo.”

Kwa kawaida benki husoma namba ya nchi ya mashine: Tanzania ni 834. Chipu ikisomwa Mtwara saa nne asubuhi, kisha utepe wa kadi ileile ukasomwa London saa tano, hakuna ndege ya hivyo. Programu ya benki kwenye simu huweza kusoma mahali ulipo endapo umeiruhusu. Mwenye hoteli Kilwa Masoko ambaye kadi ya mgeni wa Ujerumani imekataa amwombe afungue programu ya benki yake, mara nyingi kuna swali linamsubiri, “ni wewe?” Akijibu ndiyo, rudieni.

“Benki wakishtuka watanipigia, nitawatajia namba.”

Hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Sauti ya heshima: “Samahani mama, tupo makao makuu, kadi yako imezuiwa, nitajie namba iliyoingia sasa hivi.” Mpigaji ameshapata namba za kadi yako na ameanza kununua mtandaoni. Mfumo umetilia shaka, ukatuma namba ya uthibitisho kukuuliza wewe. Ukiitaja, umeujibu kwamba mnunuzi ni wewe, na kuja kudai kwamba uliibiwa kutakuwa kugumu. Benki inaweza kukupigia kuuliza kama umenunua kitu. Namba hiyo, namba ya siri na tarakimu tatu za nyuma ya kadi haiulizi. Kata simu, kisha piga wewe namba iliyo kwenye kadi.

“Ikishapita, imepita.”

Malipo ya wizi yenye alama ndogo hupita pia. Andika tarehe, kiasi na jina la muuzaji kama yalivyo kwenye meseji, omba kadi ifungwe, jaza fomu ya pingamizi tawini na ubaki na nakala. Kwa madai ya wizi, kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida huipa benki yako siku 120 kuzidai fedha kwa benki ya muuzaji. Makato ya Oktoba yakisubiri mpaka Machi, siku hizo zimekwisha.