Kuyumba kwa bei si kushuka kwa bei

Hisa ikishuka wiki mbili mfululizo, utasikia mtu anasema: "Hiyo ni tete, achana nayo." Nyingine ikikaa mwaka mzima bila kusogea hata shilingi, mtu yuleyule atasema: "Hii imetulia, haina presha." Maneno haya yanazunguka sana kwenye mazungumzo ya wawekezaji wadogo, hasa wanaopenda hisa za bia, na hasa zile za kampuni zilizokua kwa bia za krafti, yaani bia za viwanda vidogo vyenye mapishi yao wenyewe. Kauli zote mbili zimekosea dhana moja, na kosa hilo humtoa mtu hela mfukoni.

Dhana yenyewe ni fupi. Kuyumba kwa bei ni kipimo cha jinsi mabadiliko ya bei ya siku hadi siku yanavyotawanyika kandokando ya wastani wake. Basi. Hakisemi bei inaelekea wapi, wala kampuni ni nzuri au mbovu. Siku iliyopanda kwa asilimia 5 inaongeza kuyumba karibu sawa na siku iliyoshuka kwa asilimia 5.

Kukipima si kazi ngumu. Chukua bei za kufunga, yaani bei ya mwisho ya kila siku, za siku 21, upate mabadiliko 20, kila moja kwa asilimia ya bei ya jana yake. Tafuta wastani. Toa wastani huo kwenye kila badiliko, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha zote, gawanya kwa 19, kisha tafuta kipeuo cha pili. Hicho ndicho kiwango cha kuyumba kwa siku. Ukitaka cha mwaka, zidisha kwa 15.87, yaani kipeuo cha pili cha 252, idadi ya siku za biashara inayotumika sana kwa masoko ya Marekani. Watu hukosea mahali pawili. Wapo wanaofanya hesabu hii juu ya bei zenyewe badala ya mabadiliko ya asilimia, hivyo hisa ya dola 900 inaonekana kuyumba kupita ya dola 9 kwa sababu tu tarakimu zake ni kubwa. Na wapo wanaozidisha kwa 252 yenyewe, wakapata namba za kutisha ambazo hazina maana yoyote.

Sasa weka hisa mbili mezani. Ya kwanza inashuka asilimia 1 kila siku, siku 20, bila kukosa. Mabadiliko yote ni sawa na wastani wake, tofauti zote ni sifuri, kwa hiyo kuyumba kwake ni sifuri. Lakini aliyeweka 1,000,000 amebaki na kama 818,000. Ya pili leo inapanda asilimia 4, kesho inashuka 3.8, keshokutwa inapanda 4 tena, hivyohivyo siku 20. Kuyumba kwake ni asilimia 4 kwa siku, kama 63 kwa mwaka, kiwango cha kumkosesha mtu usingizi. Aliyeweka 1,000,000 humo ana kama 1,005,000. Ile isiyoyumba hata chembe ndiyo iliyomfilisi mwenyewe. Mfano ni wa kutengeneza, hakuna hisa inayotembea kwa unadhifu huo, lakini unaonyesha kwamba kuyumba na kushuka ni vitu viwili.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko kimo ndani ya maneno yenyewe, na hapa panafaa kukaa kidogo.

"Tete" tunalisikia zaidi kwenye taarifa za habari. Hali ni tete mpakani. Hali ya mgonjwa ni tete. Kila mara linataja kitu kilicho karibu kuvunjika. Likihamishiwa kwenye hisa, linahama na utabiri wake: msikilizaji anaelewa kwamba hisa inakaribia kuanguka. Kipimo tulichokihesabu hapo juu hakina utabiri huo hata kidogo.

Waingereza wanasema volatility, na wao neno lao linawapotosha kwa njia nyingine. Asili yake ni Kilatini, volare, kuruka kwa mbawa, na volatilis ni chenye kuruka. Wakemia wakalichukua kwa vitu vinavyopaa kwa urahisi kuwa mvuke. Kwa maana hiyo ya kikemia, wapika bia wanalielewa vizuri kuliko madalali wa hisa. Ua la hopsi linaleta mambo mawili kwenye bia: asidi zinazotoa uchungu, na mafuta yanayotoa harufu, iwe ya chungwa, ya msonobari au ya maua. Asidi zinahitaji moto mrefu. Zikichemka dakika 60 ndani ya maji ya kimea hubadilika na kukolea humo, uchungu ukabaki. Mafuta hayavumilii. Dakika hizohizo 60 zinayatoa pamoja na mvuke, na harufu nzuri inayojaa chumba ni harufu ambayo haitakuwemo kwenye glasi. Ndiyo maana hopsi za harufu hutiwa dakika 5 au 10 za mwisho, au kwa bia za aina ya IPA, zile zenye hopsi nyingi, husubiri bia ichachuke kwanza ndipo zitiwe bila moto, mara nyingi gramu 4 hadi 8 kwa lita, zikaachwa siku 2 hadi 4. Zikizidi muda bia huanza kuwa na ladha ya majani mabichi.

Mafuta yaliyopaa hayarudi sufuriani. Bei hurudi, na ikirudi huweza kupita pale ilipotoka, au isifike. Anayebeba picha ya mvuke akaiweka juu ya hisa anaona hela zinapaa upande mmoja tu.

Kiswahili kilikuwa na neno lake tangu zama za majahazi, nalo ni mrama. Chombo kwenda mrama ni kulalia ubavu huu, kisha ubavu ule, kwa kusukumwa na mawimbi. Kuzama ni neno jingine, na kupotea njia ni jingine. Chombo kinaweza kwenda mrama kutoka Lamu mpaka Unguja na kikatia nanga salama. Lakini leo tukisema "mambo yamekwenda mrama" tunamaanisha mambo yameharibika. Neno lililotaja kuyumba pande mbili limegeuka kutaja uharibifu, na kosa la wawekezaji ni hilohilo, limetokea ndani ya lugha kabla halijafika sokoni. Kwa sababu hiyo napendelea "kuyumba". Hili bado limeshika pande zake zote mbili: anayeyumba barabarani huenda kushoto na kulia, naye anaendelea na njia.

Kesi inayowachanganya wengi ni Boston Beer, kampuni ya Marekani inayotengeneza Samuel Adams, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Jim Koch pamoja na wenzake. Ilipoingia soko la hisa la New York mwaka 1995 kwa alama ya SAM, ilifanya jambo la nadra. Wanywaji waliokuta tangazo kwenye pakiti za bia waliweza kuomba hisa 33 kwa dola 15 kila moja, jumla dola 495, wakati bei ya wengine ilikuwa dola 20. Miaka michache baadaye bei ilikuwa chini ya dola 10. Kisha miaka mingi ikapita, na Aprili 2021 hisa hiyohiyo ikavuka dola 1,300.

Julai 22 mwaka huo, baada ya soko kufungwa, kampuni ilitoa matokeo ya robo ya pili na kushusha makadirio ya faida ya mwaka. Mwanzo ilitarajia dola 22 hadi 26 kwa hisa, sasa ikasema 18 hadi 22. Kesho yake hisa iliporomoka takriban asilimia 26. Chanzo hakikuwa bia ya krafti. Kilikuwa Truly, kinywaji cha maji ya gesi chenye kilevi na ladha ya matunda, ambacho kilikuwa kimekua kwa kasi kubwa na ghafla kikapunguza mwendo. Kampuni ilikuwa imejipanga kwa ukuaji ambao haukuja, na kabla mwaka haujaisha ikaamua kuteketeza mamilioni ya kreti badala ya kuuza kinywaji kilichochuja.

Angalia siku hiyo moja inafanya nini kwenye hesabu. Tuseme hisa ilikuwa inayumba asilimia 2 kwa siku. Ingiza siku moja ya kushuka 26 kwenye dirisha la siku 20, na kiwango kinaruka mpaka kama 6.1 kwa siku, karibu 97 kwa mwaka. Kila anayetazama namba anasema hisa imechafuka. Zikipita siku 20 nyingine zilizo za kawaida, siku ile inatoka nje ya dirisha na namba inarudi 2. Sasa watu wanasema imetulia. Lakini bei haijarudi dola 947 ilikokuwa kabla ya siku ile. Kuyumba kumekwisha, kushuka kumebaki. Hisa ya SAM ilifunga mwaka 2021 kwenye dola 500 hivi, na mwaka 2023 na 2024 ilizunguka zaidi kati ya dola 250 na 400. Aliyenunua kwa 1,300 hakuumizwa na kuyumba. Aliumizwa na bei iliyohesabu ukuaji wa Truly kana kwamba hautakoma. Angeweza kupata hasara ileile kwa kushuka dola mbili mbili kila siku, kimyakimya, bila siku moja ya kelele.

Hii haina maana kwamba kuyumba ni kitu cha kupuuza. Hela ya ada ya Januari ikiwekwa Oktoba kwenye hisa inayoyumba asilimia 60 kwa mwaka, siku ya kuuza itachaguliwa na shule, na huenda ikaangukia bondeni. Aliyenunua kwa mkopo yuko pabaya zaidi, kwa sababu mkopeshaji hasubiri wimbi lipite. Tena kuna hesabu isiyo na huruma: kilichoshuka asilimia 50 kinahitaji kupanda 100 ili kurudi pale pale. Hisa ya 100 ikipanda asilimia 50 kisha ikashuka asilimia 50 haijarudi 100, imefika 75. Kuyumba kunakula polepole hata pale ambapo wastani wa asilimia ni sifuri.

Upande wa pili wa kosa ndio unaonisumbua zaidi, kwa sababu unasikika kama busara. "Hii imetulia." Soko la Hisa la Dar es Salaam lina TBL, kampuni ya bia ya Tanzania, ambayo iliorodheshwa mwaka 1998, na bei yake ilisomeka shilingi 10,900 miaka kadhaa. Ukiifanyia hesabu ile ya siku 20 katika kipindi hicho, utapata sifuri. Sifuri hiyo inasema nini? Inasema hisa hazikubadilishana mikono kwa kiasi cha kusogeza bei. Pasipo biashara, bei ya kufunga hubaki ile ya mara ya mwisho. Kampuni inaweza kuwa na mwaka mzuri au mbaya, na namba ikabaki palepale. Mwenye hisa 500 anayetaka hela yake Ijumaa anaweka oda ya kuuza na kusubiri mnunuzi, na ndipo anapogundua kwamba 10,900 ilikuwa bei ya mtu mwingine, siku nyingine. Kinachokosekana hapo kinaitwa ukwasi, yaani wepesi wa kuuza hisa ukapata hela, na ukwasi mdogo huficha kuyumba, hauondoi.

BrewDog, kampuni ya bia ya Uskoti, inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Kuanzia mwaka 2009 iliuza hisa moja kwa moja kwa wanywaji wake, na hatimaye walionunua wakazidi 200,000. Kampuni haikuwa imeorodheshwa sokoni. Bei ilipangwa na kampuni yenyewe kwa kila awamu: pauni 23.75 katika awamu moja, 25.15 katika iliyofuata. Kwenye karatasi ya mwenye hisa mdogo, hiyo ni bei iliyotulia kabisa. Wakati huohuo, mwaka 2017 mfuko wa uwekezaji wa TSG wa Marekani ulikuwa umeingia na hisa za upendeleo zenye haki ya faida ya asilimia 18 kwa mwaka inayojilimbikiza, inayolipwa kabla ya hisa za kawaida. Dai la namna hiyo hujizidisha mara mbili kwa miaka minne na kidogo. Kwa hiyo nafasi ya mwenye hisa mdogo ilikuwa ikibadilika kila mwaka, ila hapakuwa na soko la kila siku la kumwonyesha. Hakukuwa na kuyumba kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuyumbia.

Basi anayesema hisa fulani imetulia, kwanza aangalie safu nyingine kwenye taarifa ya soko, ile ya idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Akikuta sifuri siku kumi mfululizo, neno sahihi ni imelala. Na hisa inayoshuka kila wiki tangu Januari hatuhitaji kuiita tete. Tuseme inashuka, neno ambalo kila mtu analielewa, kisha tuulizane ni kwa nini.